Baba anataka kufika kilele cha Kilimanjaro, nami nimeapishwa nisiseme nilichokiona

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni mtoto wa kwanza, naishi Dodoma mjini na ni fundi cherehani. Naomba nisitajwe jina wala mtaa, maana wazee wa kikundi cha baba wanasoma safu hii na wakiona tu jambo lenyewe watashuku.

Baba ana miaka 67. Ni mstaafu wa reli. Ujana wake wote alikuwa gengi, kazi yake kutembea juu ya mataruma na nyundo begani, jua la huku kwetu likimwaka. Hajawahi kuvuta sigara, na pombe aliiacha zamani. Ana presha, anameza dawa, na mama ndiye anayezihesabu.

Tangu mwaka jana yumo kwenye kikundi cha wastaafu cha mazoezi. Walianza kwa kutembea alfajiri, wakanogewa, na sasa wameamua kwamba Siku ya Uhuru, tarehe 9 Disemba, wawe kileleni Kilimanjaro. Watapita njia ya Marangu. Wamechangishana, wamechapisha fulana, kila jioni kwenye kundi lao la WhatsApp ni picha za mlima. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 29, anakwenda na baba.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jumapili moja walikuwa wakifanya mazoezi kwenye miinuko ya Ng'hong'onha kuelekea chuo kikuu. Nilichukua bodaboda nikawapelekea maji na machungwa. Vijana na wazee wengine walikuwa wameshatangulia. Baba nilimkuta nyuma peke yake, kapiga goti moja, kainama kama anayefunga kamba za kiatu. Mama Mshauri, viatu vile nilimnunulia mimi. Havina kamba, ni vya mkanda wa kubandika. Mkono mmoja ulikuwa kwenye goti, wa pili umeshika taya. Asubuhi ile kulikuwa na upepo wa baridi lakini mdomo wake wa juu ulikuwa na jasho.

Nilipouliza akasema imepita. Nikambana. Akaniambia kwamba akipanda mwinuko kuna kitu kinamgandamiza katikati ya kifua, kinapanda hadi kwenye taya, akisimama kidogo kinaondoka. "Ni gesi," akasema. Halafu akanishika mkono: "Usimwambie mama yako. Wala mdogo wako."

Mama Mshauri, lazima umjue mama yangu ili unielewe. Baba alipogundulika presha, mama aliuza baiskeli yake bila kumuuliza. Chumvi imeondoka mezani, hata mlenda unapikwa kama wa mgonjwa. Baba aliniambia siku ile: "Miaka yote nimeendeshwa na ratiba za treni, sasa naendeshwa na mama yako. Hili moja niachieni."

Mdogo wangu hajui nilichoona, lakini nilipojaribu kumwambia kwamba mzee ni mtu mzima na kule juu hewa ni nyepesi, alinicheka. Amenunua kile kimashine cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Wakifika juu ya mwinuko wanapima. Yeye anapata 96, baba 95. Anasema: "Dada, namba hizo hapo. Tena mzee hahemi kama mimi. Mimi nahema kama mbwa, yeye kimya." Baba naye ana karatasi ndani ya bahasha ya kaki: alipimwa moyo mwezi uliopita, akalazwa kitandani akabandikwa nyaya kifuani, majibu yakaandikwa kawaida. Na akibanwa zaidi anakumbusha habari za yule bibi Mmarekani wa miaka 89 aliyefika kileleni. "Mimi nina 67, bado kijana."

Wameshaambiwa pia kuna vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mlima, na kwamba waongozaji hubeba mtungi wa oksijeni. Kwa hiyo kila ninachosema kina jibu.

Mume wangu anasema niachane nayo, mzee ana akili zake timamu. Lakini awamu ya mwisho ya mchango baba ameniomba nimlipie mimi. Hela ninayo, iko kwenye simu, mwisho wa mwezi ndiyo mwisho wa kulipa. Nikilipa, naona kama nalipia jeneza. Nisipolipa, atajua nimemgeuka. Nikimwambia mama, safari imekufa na baba hataniamini tena maisha yake yote. Nikinyamaza na likatokea la kutokea, mama hatanisamehe, na mimi mwenyewe sitajisamehe.

Nisaidie. Je, ni kweli umri unabadilisha moyo mahali penye hewa nyepesi, au ni woga wangu? Kile kimashine kinadanganya? Na hii siri niifanyeje?

Mtoto wa kwanza, Dodoma

*

Marahaba mwanangu. Mbukwa.

Nimeisoma barua yako nikaishia kwenye kile kiatu kisicho na kamba, nikarudi kuisoma tena. Naona umebeba mambo matatu kwa wakati mmoja: hofu juu ya mwili wa baba yako, siri uliyopewa bila kuombwa ridhaa, na hela ambayo imegeuka kuwa kura. Yamesokotana, lakini si jambo moja, na ukiyashika yote kwa pamoja hutapata pa kuanzia.

Nianze na linalonikosesha usingizi mimi. Nilikuwa muuguzi, si daktari wa moyo, na baba yako sijamwona. Ila kitu kinachogandamiza kifua mtu akipanda mwinuko, kikapanda hadi taya, kisha kikaondoka akisimama, ni dalili ambayo mhudumu yeyote wa afya ataiuliza moyo kwanza kabla ya kuuliza tumbo. Inaweza kuwa gesi. Lakini gesi kwa kawaida haina habari na mwinuko. Inakuja mtu akiwa ameshiba, hata kama amekaa. Hii ya baba yako inakuja na kazi na kuondoka na mapumziko. Na imemkuta hapa Dodoma, kwenye mita 1,100 hivi, wala si Kilimanjaro. Kwa hiyo hata kama mlima ungefutwa kwenye ramani leo, bado angetakiwa aonwe na daktari wiki hii. Hapo sina maneno ya kuzungukazunguka. Na ikimjia akiwa amepumzika, au ikakaa bila kuondoka, au ikaja na jasho, kichefuchefu na kukosa pumzi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hapo hakuna siri tena.

Sasa maswali yako, maana umeyauliza vizuri.

Kule juu oksijeni haijapungua kwa asilimia. Ni ileile 21 kwa mia kama ya Dar es Salaam au Dodoma. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Kibanda cha Kibo kiko kwenye mita 4,700 hivi, kilele ni mita 5,895, na pale kileleni mgandamizo umebaki karibu nusu ya ule wa pwani. Kimashine cha mdogo wako, ambacho hapa kinasoma 95 na 96, kule kinaweza kusoma 80 au chini yake kwa mtu mzima wa afya kabisa, kijana au mzee.

Mwili unajibu kwa kuhema zaidi na kwa mapigo kuongezeka. Lakini kuna jibu la tatu ambalo halionekani, la moyo kujilisha wenyewe, na hapo ndipo umri unapoingia.

Chukua nyumba mbili za hapa mjini siku za mgao wa maji. Moja ina simtanki. Yanayoingia inatumia robo tu, mengine yamekaa. Maji yakipungua barabarani, wanachota tangini, maisha yanaendelea. Msuli wa mguu ni nyumba hiyo: ukiwa umetulia, unachukua kama robo tu ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayopita, kwa hiyo shida ikija una pa kuchota. Moyo ni nyumba isiyo na tangi. Hata ukiwa umelala usingizi, unachukua takriban robo tatu ya oksijeni ya damu inayoulisha. Kilichobaki ni kidogo. Hivyo kazi ikizidi, au hewa ikipungua, au yote mawili kwa pamoja kama inavyokuwa mlimani, moyo una njia moja kubwa ya kujiokoa: bomba lipanuke, damu nyingi zaidi ipite. Moyo wa kijana mwenye afya unaweza kuongeza damu hiyo mara tatu, nne, wengine hata tano kuliko ya wakati wa kupumzika.

Miaka inakula akiba hiyo, tena inaila pande mbili. Kuta za mishipa zinakakamaa, na utando wake wa ndani unatengeneza kidogo zaidi ile naitriki oksidi, gesi ambayo kazi yake ni kuuamuru mshipa ufunguke. Hivyo kile kiwango cha juu kabisa kinashuka. Upande wa pili, presha ya mtu mzima huwa imepanda, na moyo unaosukuma dhidi ya presha kubwa unahitaji damu zaidi hata mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti anasikiliza taarifa ya habari. Yaani mwanzo umepanda na mwisho umeshuka, kati yake pamebaki padogo. Hili linaonekana zaidi kuanzia miaka ya sitini kwenda juu.

Ongeza na hili la mapigo. Upande wa kushoto wa moyo, ule wenye kazi kubwa, unalishwa zaidi pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Mapigo yakienda mbio, muda wa kulegea ndio unaofupishwa. Kwa ile kanuni ya makadirio ya kutoa umri kwenye 220, mdogo wako anaweza kufika mapigo 191 kwa dakika, baba yako 153. Kazi ambayo kwa kijana ni ya wastani, kwa mzee iko karibu na ukingo. Na kule juu mapigo huwa yameshapanda hata mtu akiwa amekaa anakunywa chai.

Kwa hiyo, hapana, si woga wako tu.

Lakini na wewe nikuulize taratibu. Unaogopa umri wa baba yako, au unaogopa ulichokiona? Maana barua yako mahali pengine inasema "mzee ni mtu mzima", kana kwamba miaka 67 peke yake ni hukumu, na hapo nadhani unamwonea. Akiba kupungua si kwisha. Mzee ambaye mishipa yake ya moyo ni mizima, hata kama imekakamaa kidogo, kwa kawaida moyo wake unaongeza damu vya kutosha akipanda polepole. Yule Anne Lorimor aliyefika kileleni mwaka 2019 akiwa na miaka 89 si hadithi ya kutunga. Na ugonjwa wa mlima, ule wa kichwa kuuma na kutapika, hauwapendelei wazee. Vijana wanaokimbiakimbia kuonyesha nguvu huupata sana. Kinachobadilisha habari ni mishipa iliyobana. Watafiti wa Zurich huko Uswisi waliwahi kuwapa watu hewa yenye oksijeni hafifu kama ya milimani na kupima damu inayoingia kwenye msuli wa moyo. Wenye mioyo mizima walimudu. Wenye mishipa iliyobana, akiba yao wakati wa mazoezi ilishuka. Na huko Austria, walipochunguza wanaume waliofariki ghafla kwa moyo wakiwa kwenye milima ya Alps, waliojitokeza sana ni wale waliowahi kupata shambulio la moyo au wenye maradhi ya mishipa ya moyo, wenye kisukari, wenye mafuta mengi kwenye damu. Tena hatari ilikuwa kubwa siku za mwanzo za safari.

Baba yako yuko kundi gani? Hakuna anayejua. Wewe hujui, mimi sijui, yeye mwenyewe hajui, na ile bahasha ya kaki haijui.

Nasema bahasha kwa sababu kipimo cha kubandikwa nyaya mtu akiwa amelala kinaangalia umeme wa moyo ukiwa umepumzika. Moyo uliopumzika, hata wenye mshipa uliobana, mara nyingi unapata damu ya kuutosha, na karatasi inatoka safi. Haikudanganya, iliulizwa swali jingine. Swali letu ni moyo unafanyaje ukifanyishwa kazi, na kwa hilo kuna kipimo cha kutembea kwenye mashine yenye mwinuko huku nyaya zikiwa kifuani, kuna eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na daktari akiona haja kuna vya kuiangalia mishipa yenyewe. Hamhitaji kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kwa hatua ya kwanza. Hapohapo Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma ya moyo. Muhimu ni kwamba akifika aseme kile alichokwambia wewe. Mzee akiingia kwa daktari akasema "nimekuja kupima tu, naenda mlimani," atatoka na karatasi nyingine ya kuweka kwenye bahasha.

Kimashine cha mdogo wako nacho hakidanganyi. Kinasoma oksijeni iliyomo kwenye damu ya kidole. Hakina habari ni damu kiasi gani imefika kwenye msuli wa moyo. Baba yako angeweza kuwa na 95 kidoleni saa ileile aliyoshika taya. Kama una ujasiri wa kumwambia mdogo wako kitu kimoja tu bila kutoboa siri, mwambie hicho.

Na hili la "mzee hahemi", mweleze asilishangilie. Inawezekana baba anatembea kwa akili, gengi wa reli anajua kupima hatua, nami namvulia kofia. Inawezekana pia anasimama nyuma wakati wengine wamepotelea kwenye kona. Na kuna la tatu: kwa baadhi ya watu, jinsi umri unavyokwenda, mwitikio wa mwili pale oksijeni inaposhuka unaweza kuwa mdogo zaidi. King'ora kinalia kwa sauti ya chini. Kimya chake si lazima kiwe nguvu.

Vidonge vya mlima vinasaidia mwili kuizoea hewa haraka zaidi. Mshipa uliobana havifungui, na kwa mtu anayemeza dawa za presha, daktari ndiye wa kusema kama vinapatana. Mtungi wa oksijeni ni mzuri kuwa nao, ila ni wa dharura ya muda mfupi wakati wa kumteremsha mtu. Na kumteremsha kutoka Kibo usiku ni kumfunga kwenye ile machela ya gurudumu moja, wapagazi wakiishikilia huku na huku kwenye mawe. Wamezoea, ni hodari, lakini ni saa nyingi kwa moyo unaolalamika.

Tuje kwenye siri.

Umeandika kana kwamba njia ni mbili: kumwambia mama au kunyamaza. Mimi naona kuna mtu mmoja ambaye hujazungumza naye sawasawa, naye ni baba mwenyewe. Pale mwinukoni hamkuzungumza. Yeye alikuwa na aibu, wewe ulikuwa na hofu, na wenzake walikuwa mbele. Aliomba usimwambie mama. Hakukuomba usimwambie yeye unachokifikiria.

Ukienda, usiende na neno "mlima". Akisikia mlima atasikia baiskeli iliyouzwa. Huyu ni mtu ambaye mke wake ameshika dawa, chumvi na chakula chake, na sasa binti yake ameshika hela ya safari. Akiona na wewe umeingia upande ule, atafunga mlango, na maumivu yatakayofuata hutayajua kabisa. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mama kukasirika. Mtafute akiwa peke yake, labda asubuhi akikuletea wajukuu au jioni ukimshonea kitu, umwambie ulichoona kwa macho yako: goti, taya, jasho. Mwambie hujalala vizuri tangu siku ile. Halafu muombe kitu kimoja, twende wote kwa daktari wa moyo, mimi na wewe, na atakachosema daktari utakisikia wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Unamrudishia usukani, ambao nadhani ndio anaoutafuta kule kileleni.

Anaweza kukataa. Wazee wa namna hii hukataa mara ya kwanza ili wakubali baadaye kwa uamuzi wao wenyewe. Akikataa kabisa, una njia nyingine, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kumwambia kwamba siri hii huwezi kuibeba zaidi ya siku kadhaa, na kwamba ni heri yeye amwambie mama kwa maneno yake kuliko wewe kwa yako. Atakasirika, lakini hutakuwa umemzunguka. Unaweza kumshirikisha mdogo wako, maana ndiye atakayekuwa naye kwenye giza la saa sita usiku wakianza kupanda kutoka Kibo, na ni jambo zito kumpeleka kijana wa watu pale akiwa hajui baba yake hushika taya. Hatari yake ni kwamba vijana hawajui kutunza sura. Baba ataona kwenye macho yake siku hiyohiyo. Au unaweza kumwendea mama moja kwa moja. Sisemi usifanye hivyo. Dalili zikizidi na mzee akiendelea kukataa, wengi wangefanya hivyo, nami nisingewalaumu. Ila jiulize kama mama yako akipewa habari hii atampeleka baba kwa daktari, au atamzuia safari tu na mambo yaishie hapo, kifua kikiwa kilekile. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kuhusu mlima wenyewe, subirini daktari aseme, kisha ndipo mjadili. Anaweza kukuta si moyo, mkacheka. Anaweza kukuta mshipa umebana na unatibika, na safari ikawa ya mwaka kesho badala ya mwaka huu, mlima hauhami. Anaweza kusema aende ila asipite kiwango fulani. Njia ya Marangu ina vituo: Mandara kwenye mita 2,700 hivi, Horombo kwenye mita 3,700 hivi, na mtu anaweza kuisindikiza safari hadi mahali fulani akawasubiri wenzake. Anaweza pia kukataza kabisa. Sitaki kumtangulia. Niseme tu kwamba hata Horombo si chumba cha kupumzikia kwa moyo ambao haujapimwa, kwa hiyo msije mkakubaliana nyumbani "basi aishie katikati" mkadhani mmemaliza.

Lolote litakalokuwa, mshipa wa fahari wa baba yako nao unahitaji kulishwa. Fulana ameshavaa, jina liko kwenye orodha. Kama atabaki nyuma, asibaki kama mgonjwa aliyeachwa. Kikundi kina wastaafu wengine wenye presha zao na siri zao. Sitashangaa kama baba yako si peke yake anayefunga kamba zisizokuwepo. Mzee mmoja akisema wazi "mimi nimekwenda kupimwa nikiwa natembea, na nyinyi nendeni," huyo anaweza kuwapeleka hospitali wengi kuliko mimi na safu yangu. Lakini hilo ni lake kuamua, usimtwishe.

Na ile hela. Kabla ya mwisho wa mwezi, mpigie mweka hazina wa kikundi umuulize mambo mawili, kama mwanachama yeyote angeuliza: mtu akilipa kisha daktari akamzuia, je, hela inarudi, au nafasi inahamishwa kwa mwingine au safari inayofuata? Na je, kikundi kinadai cheti cha daktari kabla ya kuondoka? Kama hawadai, pendekeza wadai kwa wote, wa miaka 29 na wa 67. Majibu hayo yatakuonyesha kama kulipa ni kufunga mlango au ni kushika tu nafasi wakati mnasubiri vipimo, na baba yako anaweza kupata njia ya kwenda kupimwa bila mtu kumnyooshea kidole.

Niandikie mkishatoka kwa daktari.

Mama Mshauri